Deni Lenye Miguu Minne

Ubiri, Lushoto
17 Januari 1993

Dada Klara,

Shikamoo. Huku baridi imetukalia mabegani lakini tu wazima wote, na uzima huo huo nakuombea wewe, baba Salva na watoto.

Salamu naziacha hapo maana mkono unanikimbia. Ng'ombe amekaribia. Kiwele kimejaa, nyuma kumelegea, na tangu juzi anageuka kujilamba ubavu kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Bwana Mifugo Paskali alipita, akamshika tumbo, akasema hamalizi mwezi. Dada, ndama wako yuko njiani.

Uliniuliza kwa nini tumemwita Bi Mkubwa. Ni maneno ya Selemani. Siku ile mradi ulipotuletea ng'ombe, mume wangu huyu alisimama uani akasema, "Mwanahawa, leo nimekuolea mke mwenza, tena yeye ndiye mkubwa, maana atakula kabla yako." Nilicheka. Siku hizi naona alisema kweli. Kabla sijawasha moto nashuka kwenye matuta kukata majani ya gwatemala, Aisha mgongoni, mzigo kichwani, na nikipanda kilima Bi Mkubwa keshanisikia, anaita. Akianza kula ndipo nakoka moto wa uji. Halafu maji, halafu kusafisha banda, halafu kupalilia kabichi, halafu maji tena, maana anakunywa kama harusi nzima. Jioni Selemani akiuliza chakula namwambia, "Subiri zamu, bwana, wewe ni mume wa wawili."

Lakini silalamiki. Unakumbuka tulivyoambiwa kule semina: ng'ombe si wako mpaka ulipe, na malipo si fedha, ni ndama jike wa kwanza aende kwa aliyeandikwa baada yako. Atakayedanganya atanyang'anywa mchana kweupe. Wenzetu walinung'unika. Mimi nilipotazama orodha nikaona aliyeandikwa baada yangu ni wewe, uliyelala na mimi kitanda kimoja, ukambeba Aisha akilia ili mimi niandike. Nikasema deni hili nitalilipa nacheka.

Mama mkwe anasema nisitaje jike wala dume, Mungu aachwe afanye kazi yake. Basi nakunong'oneza wewe tu: jike.

Jibu lako mpe Yohane, utingo wa basi la Bumbuli. Ananijua.

Mdogo wako,
Mwanahawa, Mama Aisha


Kambi ya chai, karibu na Mponde
31 Januari 1993

Mdogo wangu Mama Aisha,

Marahaba. Ila tunapishana miaka minne tu, usinizeeshe, meno yangu ninayo yote.

Barua yako nimeisoma katikati ya chai, kikapu mgongoni. Mnyapara akaniona. "Klara, chai haichumwi kwa macho." Nikamwambia, mwenzio nina ng'ombe anakuja, karibuni nitakuwa nakuuzia maziwa kwa masharti. Wachumaji mstari mzima walicheka. Sasa wananiita Mama Mtindi, na mtindi wenyewe sijauona.

Baba Salva, Lusajo wangu, ndiye wa kuonewa huruma. Unajua sisi ni watu wa Tukuyu. Yeye alikulia kwa babu yake kwenye ng'ombe, akaja huku kufuata kazi ya chai, na tangu hapo hajagusa mkia wa ng'ombe. Jioni anakaa mlangoni anafungua na kufunga vidole. Namuuliza, "Vinauma?" Anasema, "Vinakumbuka."

Banda linakwenda vizuri. Nguzo zimesimama, za mkaratusi, huwezi kuzitikisa. Bado kuezeka tu. Upande wetu usikutie wasiwasi.

Huku shamba limepata mwenye mpya, anapita na gari jeupe kioo kimefungwa. Bumbuli madukani sabuni zimejaa za kila rangi. Ile foleni yetu ya zamani ya kugombea mche mmoja imekwisha, sasa bidhaa ndizo zinazotusubiri sisi, na sisi hatuna cha kuzifuata. Shule inataka mchango, zahanati inataka mchango. Watoto wangu watatu wananywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na huku ndiko inakotoka chai. Kwa hiyo mwambie Bi Mkubwa ajitahidi, sisi tunamwombea kanisani bila kumtaja dini.

Ndaga fijo. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu.

Klara


Ubiri
14 Februari 1993

Dada Klara,

Shikamoo. Jike.

Ngoja nipumue ndipo niendelee. Jana ukungu ulikuwa mzito, huoni hata jiko la jirani. Bi Mkubwa akalala, akasimama, akalala. Mama mkwe akafukuza watu wote bandani, tukabaki mimi na yeye. Selemani yuko nyuma ya ukuta, kila mara, "Mama, vipi?" Mama mkwe akamjibu Kishambaa maneno ambayo kwa heshima yake siyaandiki. Kwa Kiswahili ni kama kumwambia, wewe ulipozaliwa hakuna mwanamume aliyepiga kelele ukutani.

Zikatoka kwato mbili, kikafuata kipua, nikavuta kama tulivyofundishwa, navuta anaposukuma, namwacha anapopumzika. Akaniangukia mapajani mzima mzima. Mweusi, paji jeupe, miguu ya nyuma kama amevaa soksi za shule. Nikainua mkia kutazama. Nikatazama tena. Nilipiga vigelegele mpaka Aisha akalia wivu.

Bwana Paskali amekuja leo, amemwona, amefurahi. Anasema ndama anyonye, akishaachishwa mwezi wa sita atarudi kumkagua, agonge muhuri kwenye kadi, na hapo Bi Mkubwa atakuwa wetu na huyu wako. Selemani amekwisha alika watu kwenye pilau ya siku hiyo. Mwezi wa sita, dada, na pilau imekwisha alikiwa.

Mama mkwe ananiambia niishie hapa. Kwao kiumbe mchanga hasemwi sana, macho ya watu ni mengi. Mengine tutazungumza ukija kumchukua.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mwanahawa


Kambi ya chai
7 Machi 1993

Mdogo wangu, mkwe wangu, sijui nikuite nani sasa,

Yohane alinikabidhi barua nikaifungua hapo hapo njiani. Nilipoliona lile neno la kwanza niliketi chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani, lile la mitumba lenye maua. Sijutii. Lusajo aliposikia alinibeba. Mwanamume mwenye mgongo mbovu. Watoto wanagombania jina. Salva anataka aitwe Soksi.

Banda tumeezeka. Hori limekwisha, Lusajo amelichonga mwenyewe.

Sasa tangu jana amekuwa mwalimu, hatulali. Anasema kwao ndama jike, yaani mtamba, hachaguliwi kwa rangi kama kitenge. Mgongo uwe umenyooka. Chuchu zipishane kama watu wenye adabu. Na uulize alizaliwa na nani. Nikamwambia, kwani ndama ana ubini? Akasema, "Sikiliza, jike aliyezaliwa pacha na dume usimpokee hata ukipewa bure. Babu alikuwa naye mmoja. Mzuri, mnene, anang'aa. Alikula majani miaka yote na hakubeba mimba hata siku moja. Dume humharibu tangu tumboni." Nikamwambia, hayo yako ya Tukuyu yaweke huko, wetu kazaliwa peke yake kama mtoto wa chifu. Tukacheka.

Mkumbatie kwa ajili yangu. Nakutakia mfungo mwema.

Klara


Kambi ya chai
Pasaka, 11 Aprili 1993

Mama Aisha,

Au barua yangu ilipotea? Nilisema ni mfungo, una kazi nyingi. Idd ikapita. Yohane anasema anakuona sokoni Lushoto na mzigo wa majani, u mzima, lakini ukimwona unageukia upande wa pili. Nimempa pakiti ya chai akuletee, ni ya daraja la kwanza, usiulize nimeipataje.

Ndama hajambo? Niambie neno moja tu.

Klara


Ubiri
18 Aprili 1993

Dada Klara,

Shikamoo. Chai nimeipata, Mama mkwe anasema hajapata kunywa chai inayoshuka hivyo. Nisamehe kwa kimya. Masika yameanza na matuta mawili ya juu yamebomoka, tumehangaika kuyarudisha kabla gwatemala haijang'oka yote. Aisha alishikwa na kifua, nikawa namkanda kwa mkono mmoja na kukamua kwa mwingine. Kuni mbichi, moto hauwaki, nguo hazikauki. Selemani amepata mnunuzi wa kabichi mwenye lori la Dar es Salaam, lakini mvua imelizuia Mombo.

Ndama hajambo, anaruka.

Mwanahawa


Ubiri
6 Juni 1993

Dada Klara,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naandika habari za mvua. Leo mvua hakuna.

Bi Mkubwa alizaa mapacha. Jike wako alitoka kwanza, na mimi nikiwa bado napiga vigelegele akafuata dume.

Sikukuficha kwa hila, naomba uniamini. Kwa kina Mama mkwe pacha hatangazwi mpaka aache ziwa, awe wa mtu au wa mnyama. Mmoja anabaki nyumbani, wa pili anahamishiwa nyumba nyingine siku hiyo hiyo, ili jicho la hasidi lione mmoja tu. Dume aliondoka kwetu ndani ya gunia la majani, kichwani kwa wifi yangu Salma, anayekaa ng'ambo ya mto. Maziwa nampelekea huko, eti nakwenda kumsalimia wifi. Bwana Paskali alipokuja kesho yake alikuta ndama mmoja. Hata mimi niliona ni mchezo. Nilikuwa nakusubiri ufike nikuonyeshe wawili, ucheke.

Halafu yakafika maneno ya baba Salva kuhusu ng'ombe wa babu yake.

Niliyasoma nikiwa bandani, na ndama wako anatafuna pindo la khanga yangu. Nilimuuliza mzee mmoja anayefuga, akasema ndivyo. Nikamwambia Selemani. Akasema, "Bwana Mifugo hakumwona dume. Muhuri ukigongwa deni limekwisha, hakuna atakayetudai. Na si wote walio tasa, labda huyu wetu mzima." Nikamjibu, "Labda ni yetu sisi, majani ya kukata ni ya Klara. Atakata miaka anangoja mimba, na kila asubuhi atamwombea mtu aliyempa." Akasema, "Kwa hiyo upo tayari Bi Mkubwa achukuliwe?" Nililia, nikaenda kukata majani, nikarudi na mzigo.

Lakini siwezi, dada. Deni nilisema nitalilipa nacheka, na hili si la kucheka.

Mwisho wa mwezi huu Bwana Paskali anakuja kugonga muhuri. Sitamngoja, nitamfuata ofisini nimwambie. Nimeona si haki ajue yeye kabla yako. Naogopa mambo mawili, na kuchukuliwa ng'ombe ni la pili.

Mwanahawa


Kambi ya chai
20 Juni 1993

Mwanahawa,

Sikukuandikia "mdogo wangu" hapo juu, na nimefanya makusudi. Nilikasirika. Tangu Januari mimi naitwa Mama Mtindi shambani, watoto wamemchora Soksi kwa mkaa ukutani, nami nimepigwa faini kwa huo ukuta. Nilitaka kukujibu vibaya. Nilikuwa na maneno mazuri sana mabaya.

Nikampa Lusajo barua yako aisome. Akasoma, akairudisha. "Mtu anayejisema kabla hajakamatwa, huyo unaweza kumwachia mtoto ukaenda safari." Nikamwambia, basi mtetee. Akaniuliza, "Na wewe umemwambia banda liko wapi?"

Mama Aisha, banda halipo.

Nguzo zilikuwepo, hilo ni kweli. Mwenye shamba mpya alikataza mifugo kwenye kambi, tukapewa siku ya kubomoa. Lusajo aling'oa nguzo alizozichimbia mwenyewe. Hiyo ilikuwa kabla sijakuandikia kwamba zimesimama. Nilijua asiye na banda anafutwa kwenye orodha, nikasema nitapata njia kabla ndama hajafika. Kisha kila nikishika kalamu banda likawa linajijenga. Nilipokuandikia tumeezeka nilikuwa na furaha, mkono ukaezeka. Lile hori sijui hata nililitoa wapi.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unaniletea ng'ombe asiyezaa, mimi nimemwandalia banda lisilo na nguzo. Tungekutana, tungetazamana vizuri sana.

Hasira zimekwisha, mdogo wangu. Umeona, nimeliandika. Nenda kwa Bwana Paskali useme yako. Yangu nitaisema mwenyewe nikipata ruhusa ya siku moja. Akinifuta, anifute.

Dada yako,
Klara


Ubiri
4 Julai 1993

Dada yangu Klara,

Shikamoo tena shikamoo. Kaa chini, lakini si kwenye vumbi.

Niliondoka asubuhi kwenda Lushoto mjini, Aisha mgongoni. Nimefika kwenye daraja nasikia mtu ananiita. Mama mkwe, na khanga zake za Idd, anahema. Mimi nilikuwa sijamwambia kitu. Selemani ndiye aliyemwambia, kumbe na yeye hakulala vizuri. Akaniambia, "Tangulia, mimi nakuja na miguu yangu." Tukaingia ofisini pamoja.

Nilisema yote nimesimama. Bwana Paskali ameshika kalamu, haandiki. Nikamaliza. Ndipo Mama mkwe akasema, "Mwanangu, pacha nilimficha mimi. Huyu ni mkwe, nilimwamuru akanitii. Kama unachukua ng'ombe, nichukue na mimi, nitakukatia majani huko unakompeleka. Nimekwisha mzoea." Karani wa pembeni akaangua kicheko. Bwana Paskali akasema, "Bibi, ofisi haina mahali pa kukulaza." Naye, "Ng'ombe utamlaza wapi basi?"

Dada, yule bwana alifunga kadi yetu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema amewahi kunyang'anya ng'ombe watu waliodanganya, lakini aliyekuja kumshitaki ndama wake mwenyewe hajui amwandike wapi. Alikuja hadi Ubiri, akamkagua. Ni tasa, hana shaka. Akaamua hivi: Bi Mkubwa anabaki, deni linabaki, jike atakayefuata ndiye wako. Na Bi Mkubwa ana mimba tayari. Alipandwa mwanzoni mwa Juni, na joto halijamrudia.

Selemani amezunguka kijiji kizima kuahirisha pilau. Wanamtania, "Mgosi, bwana wee, hata pilau yako ni pacha, moja umeificha wapi?" Tasa na dume lake wako pamoja sasa, wanakula mchana, hakuna gunia. Wakinenepa tutawauza tuezeke jiko.

Sasa lako. Nilimweleza Mama mkwe habari ya banda. Niligombezwa kwanza kwa kuchelewa kusema. Je, unajua yeye ni mtu wa huko Mponde? Kaka yake, mzee Ibrahimu, ana chai yake na mboga, juu kidogo ya kiwanda, na ana kona ya shamba haina kazi. Mama mkwe alipanda basi mwenyewe Jumanne. Amerudi na jibu. Kona mtapewa, mjenge. Fedha hataki. Anataka samadi, yote, ya chai yake, kwa muda wote ng'ombe atakapokuwa pale. Na Bwana Paskali, niliyemuuliza bila kukutaja, anasema mwenye banda, hata la kona ya mtu, jina lake halifutwi.

Nenda kamwamkie mzee. Ongea taratibu, sikio moja halisikii, na hapendi mtu amjue ni lipi.

Mwanahawa


Mponde, kwa mzee Ibrahimu
28 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Tazama hapo juu nilipoandikia. Nimeketi ndani ya banda.

Najua hutaniamini, kwa hiyo Yohane utingo alipita akaliona, umuulize. Nguzo ni zile zile za mkaratusi. Paa ni la nyasi, linavuja pembe moja, nakuambia ili ujue ni la kweli. La uongo lilikuwa halivuji. Hori lipo, Lusajo amelichonga kwa kuona haya baada ya kusikia kuwa kwenye barua zangu alikwisha lichonga. Gwatemala tumepanda kwenye matuta ya mzee, imeshika.

Mzee Ibrahimu anakuja kila asubuhi kukagua banda tupu. "Mavi yako wapi?" Namwambia, "Babu, yako Ubiri, yanakua." Anatikisa kichwa kama mtu aliyetapeliwa. Mimi ambaye sikuwahi kukopeshwa hata kibiriti, leo nina deni la samadi kabla sijapata ng'ombe. Nikitoka kuchuma chai nakuja kupalilia majani, ndipo nakwenda kupika. Lusajo ananisaidia maji. Amesema ng'ombe akifika atakuwa anakoka na moto. Hilo nimemwambia aliandike, asaini.

Tumbo la Bi Mkubwa likoje? Moja au mawili?

Klara


Ubiri
20 Machi 1994

Dada Klara,

Shikamoo. Idd imetuacha wazima.

Bi Mkubwa amezaa tangu Alhamisi, na mwanzo hakuna aliyethubutu kusema neno. Ametoka jike. Mwekundu kidogo begani, mrefu wa miguu. Safari hii sikupiga vigelegele. Mimi, Selemani, Mama mkwe, Salma, hata Bwana Paskali aliyeitwa, tumesimama tunatazama nyuma ya ng'ombe kama watu wanaongoja basi. Bi Mkubwa anamlamba mtoto wake, sisi hatumtazami mtoto, tunatazama kule. Selemani ananong'ona, "Bado?" Hakuna kitu. Tukangoja. Hakuna. Likatoka kondo la nyuma, likaanguka, Bwana Paskali akaosha mkono, akaingiza, akapapasa, akautoa. "Patupu," akasema.

Sijapata kusikia neno zuri hivyo. Patupu.

Mama mkwe alitoka nje ya banda akasimama kwenye tuta la juu, huyu asiyetaka kiumbe mchanga asemwe, akawaita majirani kwa majina, wa huku na wa ng'ambo, akawaambia amezaa jike, mmoja, wa Klara wa Mponde. Wengine hawakujua Klara ni nani. Sasa wanajua.

Andaa kamba. Akishaachishwa ziwa, ni wewe.

Mwanahawa


Ubiri
17 Julai 1994

Dada Klara,

Shikamoo. Yohane ameniambia mlifika salama, na kwamba ndama alipanda kwenye lori la mboga kwa adabu kuliko baba Salva. Pilau uliyoibeba natumaini haikumwagika.

Hukuona yaliyotokea mlipopinda kona. Bi Mkubwa alilia mpaka jua likashuka. Mimi nilikwenda kumshika shingo nikalia naye, Selemani akaja kutuchungulia, akasema, "Haya, wake zangu wote wanalia na deni limelipwa, nifanyeje?" Akachukua ndoo akaenda mtoni mwenyewe. Sijawahi kumwona na ndoo mchana, watu wakimtazama. Aliporudi akamimina, akaenda tena.

Kadi yenye muhuri Mama mkwe ameibandika ukutani. Hajui kusoma lakini kila mgeni anamsomea.

Nilidhani nitaamka nimepumzika. Leo alfajiri nimeamka vile vile, baridi ile ile, Aisha sasa mzito mgongoni na anataka kushuka atembee. Nimeteremka kwenye matuta, nimekata gwatemala, imelowa umande. Nilipoiinua kichwani nikasema labda leo itakuwa nyepesi. Haikuwa nyepesi, dada. Shingo iliniuma kama juzi. Nikapanda kilima, Bi Mkubwa akanisikia, akaita.

Nikamwitikia, "Nakuja, ng'ombe wangu." Halafu nikasimama pale njiani na mzigo wangu wote, nikalisema tena ili nilisikie.

Mdogo wako,
Mwanahawa